Pikapu ya Shemeji

Mume wa dada yangu ni mtu anayejua kila kitu, na sijaona ugonjwa mbaya kuliko huo. Kazi yake ni kununua mahindi Laela na kuyauza mjini, basi. Lakini mwulize habari za figo, za kesi za ardhi, za mvua ya mwakani, atakujibu kabla hujamaliza swali. Tangu aliponunua pikapu, ujuzi wote ukahamia kwenye injini.

Habari zilipotufikia kwamba mjomba wangu yu hoi huko Kirando, shemeji alikuja Milanzi na kusema atatupeleka. Mama na kaka yake huyo walikuwa hawasemezani tangu walipogombania shamba la baba yao. Aliyeleta habari alisema mgonjwa anarudia jambo moja tu: kuna neno anataka kumwambia dada yake kwa kinywa chake. Mama akachukua kanga na rozari, akapanda. Mimi nikakaa nimebanwa kati ya mama na ujuzi wa shemeji.

Pikapu ilizima kabla hatujafika Chala. Ilipungua nguvu, ikasita, ikanyamaza. Shemeji alishuka akicheka.

"Usiwe na wasiwasi, mama. Hii naijua."

Kwanza alikwenda kupima mafuta. Mfuniko wa tanki ulikuwa umeshapotea, na mahali pake alikuwa amechomeka gunzi la mahindi lililofungwa kwenye mfuko wa nailoni, akalikaza kwa mpira wa tyubu, vile kwetu watu wanavyoziba dumu la pombe linaposafiri kwa baiskeli. Aliamini petroli ikipata upenyo inaruka yote hewani. Akafungua, akachovya kijiti, akasema mafuta yapo, akaziba tena. Halafu akafungua boneti, akachomoa plagi, akazipuliza na kuzirudisha. Gari likawaka.

"Plagi," akatangaza.

Tulipoipita Chala likazima tena. Akafungua tanki, akachovya kijiti, akaziba. Safari hii alisema ni koili imepata moto, akaifunika kwa kitambaa chenye maji. Likawaka, akatuhubiria habari za koili mpaka kichwa kikaniuma. Hakujiuliza ule ugonjwa wa plagi uliopona umekwenda wapi. Watu wa namna yake hawajiulizi. Gari likiwaka, wao ndio waliolitibu. Likizima, limepata ugonjwa mwingine.

Lilipozima mara ya tatu, basi la Kirando lilitupita. Kondakta akatoa kichwa akatuita. Nilimnong'oneza mama kwa Kifipa tupande. Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo barabarani.

"Mkwe ametoa gari lake, halafu mimi nilikimbie? Watu watasema nini? Mkwe haaibishwi."

Basi likaenda zake. Niliwachukia wote wawili, na nasema hivyo bila aibu.

Shemeji akachovya tena kijiti tankini, gari likawaka, na tulipofika Namanyere alikubali, shingo upande, aitwe fundi. Wakaivua pampu ya mafuta, wakaitandaza juu ya gunia, wakabishana huku jua likipinduka. Fundi alikuwa msomaji mzuri wa uso wa mteja: shemeji alisema ni pampu, naye akaona ni pampu. Mama hakushuka. Alisogeza rozari yake, punje kwa punje. Mara moja tu aliniuliza, kwa sauti ya chini:

"Atakuwa bado anaongea?"

Nilishuka kuwaambia wafanye haraka.

Pampu ikarudishwa, tukaondoka, na kabla ya kuanza mteremko wa kwenda ziwani, gari likazima. Shemeji alishaingiza kichwa kwenye boneti, kwa hiyo nilikwenda mimi kupima mafuta. Nilipolegeza ule mpira, tanki lilivuta pumzi kwa nguvu, fyuuu, na gunzi likagoma kutoka mpaka nilipolinyonga. Nikasimama nimelishika. Kila mara gari lilipowaka, tanki lilikuwa limetoka kufunguliwa. Mtu yeyote aliyewahi kumimina mafuta ya alizeti kutoka kwenye dumu anajua kwamba pasipoingia hewa, hakitoki kitu.

"Shemeji," nikamwambia, "umelinyima tanki hewa."

Hakuinua hata kichwa. "Shemeji, mambo ya injini niachie mimi. Uliona wapi gari linapumua?"

Niliutupa mfuko na mpira porini, nikachomeka gunzi tupu. Yeye akaigonga pampu kwa spana, gari likawaka, na halikuzima tena mpaka Kirando. Njia nzima aliisifia spana.

Mke wa mjomba alitupokea mlangoni.

"Wifi, umekuja," alimwambia mama. "Mchana alikuwa anaongea vizuri. Alikuulizia. Ulimi umefungika jioni hii hii."

Mjomba alikuwa macho. Alimtambua mama, midomo ilihangaika, sauti haikutoka. Mama aliinama, akaweka sikio kwenye mdomo wa kaka yake, akakaa hivyo mgongo umepinda, anasubiri. Nje shemeji alikuwa anawaeleza wanaume habari za pampu. Nilitamani kwenda kumgonga yeye kwa spana yake.

Mjomba alifariki bila kusema neno.

Tulirudi baada ya mazishi. Namanyere shemeji alishuka kuongeza petroli, nami nikamwona kwenye kioo cha pembeni, ameshika gunzi tupu, analitazama. Alirudi kwenye usukani akaendesha kimya. Kwa mtu yule, kimya ni habari kubwa.

Tulipokaribia Chala, mama aliuliza, "Mkwe, hivi siku ile gari lilikuwa na nini hasa?"

Shemeji alikaza macho barabarani. Jibu nilikuwa nalo mimi. Nilikuwa nimelinoa msiba mzima, nikisubiri mahali pa kulichomeka mpaka limwume maisha yake yote. Nikamgeukia mama. Alikuwa ameshakubali kwamba Mungu ndiye aliyekifunga kinywa cha kaka yake. Sasa nimpe mfuko wa nailoni?

"Pampu, mama," nikasema. "Hakuna mtu ambaye angejua."

Mama akaitikia kwa kichwa, akanyoosha mkono mbele yangu, akamgusa shemeji begani.

"Mungu akubariki, mwanangu. Ulihangaika sana."