Gemu Niliyoiweka Kwenye RAM

Mwezi uliopita nilikwenda Kibiti kumwona dada yangu aliyejifungua, nikamkuta mwanawe wa kwanza amejilaza ukumbini juu ya mkeka, simu ya mama yake mkononi. Alikuwa anafungua gemu ya mpira. Kile kiduara cha kungojea kilizunguka kidogo tu, na mtoto akasonya. "Mamdogo, simu hii inachelewa kweli." Nilitaka kumwambia neno, nikaona hatanielewa, nikavaa kandambili nikatoka.

Miguu ikanipeleka nyuma ya soko, mahali lilipokuwa duka la Mama Duka. Sasa pana kibanda cha kutuma na kutoa pesa, na pembeni yake kijana anakaanga chipsi. Usidhani, rafiki yangu, nimekuja kukulilia kwamba zamani kulikuwa kuzuri. Nimekuja kwa sababu kuna habari moja ya pale ambayo watu wa Kibiti wanaisimulia vibaya hadi leo, na mimi nimechoka kucheka nao kwa adabu.

Nililelewa na bibi yangu, mama yake mama. Alilima mpunga bondeni, na mpunga ukikaribia kuiva alihamia kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, akalala hukohuko kuwinga ndege na kufukuza nguruwe. Mavuno yakiisha anarudi nyumbani, na mimi narudi chini ya jicho lake. Kuchota maji, kukuna nazi, kupepeta mchele, kuchambua kamba wakavu waliotoka huko delta, mto unapoingia baharini, vidole vikinuka chumvi mpaka darasani. Nilikuwa darasa la sita, mwembamba, mwenye mdomo. Jirani yetu alikuwa akisema mdomo wangu utanikosesha mume. Bado namsubiri huyo aliyekoseshwa aje alalamike.

Mama Duka alikuwa mjane wa Kihindi, mzaliwa wa Kibiti, na Kiswahili chake kilimshinda mwalimu wetu. Aliuza misumari, madaftari, soda, kamba za katani, na kwenye chumba cha nyuma alikuwa na kompyuta ya kuchapia barua za watu. Wajukuu zake walikuwa wamehamia Dar, naye alipenda kelele za watoto, basi kazi za kuchapa zikiisha alituachia tucheze bure. Alikuwa na sharti moja. Zamu yako ikianza anawasha kijiti cha udi, anakichomeka kwenye kopo la mchanga, na kijiti kikiisha unainuka. Ungeweza kubishana na Mama Duka, lakini kubishana na kijiti ulikuwa huwezi. Mpaka leo nikisikia harufu ya udi mapigo yangu yanakwenda mbio.

Tatizo lilikuwa ile kompyuta. Diski yake ilikuwa kuukuu, ikikoroma kama mzee mwenye pumu, na gemu yenyewe ya mpira ilikuwa haifunguki, ilikuwa inajivuta. Unachagua timu, unangoja. Unachagua uwanja, unangoja. Wachezaji wanatoka, unangoja tena, na kijiti kinaungua. Wavulana hawakuumia sana, maana walikuwa na mchana kutwa. Kijiti kikiisha wanaachiana zamu, kinawashwa kingine na mechi inaendelea. Sisi wasichana tulifika jioni, kazi za nyumbani zikishapungua, tukakuta kimebaki kijiti kimoja kabla ya adhana ya magharibi. Gemu ilipomaliza kulodi tulicheza dakika chache, kisha udi umekwisha na adhana inaita. Hakuna msichana aliyewahi kumaliza mechi pale. Hata mmoja.

Sasa wavulana wakalifanya hilo kuwa sheria. Kiongozi wao alikuwa mtoto wa mwenye mashine ya kukoboa mpunga, bingwa wa Idi iliyopita, kijana wa kutembea kifua mbele. Ramadhani ilipokaribia alitangaza kwamba mashindano ya Idi hataingia mtu ambaye hajawahi kumaliza mechi hata moja. Nilimuuliza tutaimaliza vipi kama hatupewi muda. Akasema, "Sasa mie ndiye niliyekupa kukuna nazi?" Wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Nililia nyumbani, siwezi kuficha. Jirani alikuwepo, akanituliza kwa lile neno la watu walioshiba: subira huvuta heri. Bibi alikuwa anachoma korosho, mkono mmoja unakoroga, mwingine unapunga moshi. Akamjibu bila kugeuka, "Huvuta. Na ngojangoja huumiza matumbo. Mwache mtoto aseme lake." Neno lile nililichukua nikaenda nalo.

Wiki ile akaja fundi wa kompyuta kutoka Mbagala. Mama Duka alikuwa amechoshwa na ule uzito, na fundi akaiongezea mashine RAM alizozitoa kwenye kompyuta mbovu za ofisi fulani. Wavulana walikuwa wamekwenda kuoga mtoni. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika tochi, na mwenye tochi ana haki ya kuuliza. Nikamuuliza hiyo RAM inafanya nini. Akasema, "Diski ni jikoni, mdogo wangu, ndani ya sufuria. RAM ni sinia lililo mbele yako. Ukila kwenye sinia hunyanyuki kila tonge." Nikamuuliza kwa nini basi gemu yote isipakuliwe kwenye sinia kabla watu hawajakaa kula.

Fundi akaacha bisibisi. Akaniambia jambo hilo lipo, yeye mwenyewe hulitumia akikata video za harusi. Akachomeka flashi yake, akaweka programu ndogo ambayo inamega kipande cha RAM na kukifanya kionekane kama diski nyingine. Ikatokea pale, diski mpya yenye herufi R, tupu kabisa. Akanionya mambo mawili. Umeme ukikatika, kila kilichomo kinapotea. Kwa hiyo nakili, usihamishe. Yenyewe ibaki kwenye diski ya zamani.

Kuinakili gemu kulichukua muda, lakini muda huo haukuwa wa zamu ya mtu. Kila siku ya Ramadhani, kwa kuwa mashine ikizimwa RAM hubaki tupu, Mama Duka alipofunga mlango wa mbele adhuhuri, alinifungulia wa nyuma. Nilitengeneza diski ya RAM, nikanakili folda yote, kisha nikaweka kwenye skrini alama ya kuifungulia. Siku ya kwanza nilipoibonyeza sikuamini. Timu, uwanja, wachezaji, filimbi. Nilisimama nikafikiri nimeharibu kitu.

Jioni ile nikainjika muhogo wa nazi wa futari, nikamwomba bibi autazame, nikakimbia. Mimi na rafiki yangu, mtoto wa muuza uji, tukacheza mechi kutoka filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, na kijiti kilikuwa bado kina nusu yake. Tukacheza ya pili. Alinifunga zote mbili na sikujali hata kidogo. Nilirudi nyumbani nikakuta muhogo umeshika chini, na bibi akaula ulivyo, akisema afadhali moshi wa muhogo kuliko wa udi.

Wavulana nao waliifaidi kasi ile, wala hakuna aliyeuliza imetoka wapi. Walipojua ni mimi, mtoto wa mwenye mashine alitaka nimfundishe. Nikamwambia nitamfundisha akiandika majina ya wasichana kwenye mashindano. Aliyaandika, akiguna. Kisha alijifanya amesahau kuja kujifunza, maana kukaa chini ya msichana kulimshinda.

Idi ikafika. Nilikuwa na gauni jipya la njano lililonibana kwapani, hina mikononi, na tumbo lililojaa pilau. Chumba cha nyuma kilijaa watoto hadi dirishani, na joto lilikuwa la kupikia. Nilikuwa nimeweka gemu kwenye RAM tangu asubuhi. Niliyekutana naye kwanza nilimfunga, wa pili nikamfunga kwa shida, na alasiri ikanikuta nimekaa fainali na mtoto wa mwenye mashine mwenyewe.

Alianza yeye kufunga. Nikasawazisha. Kipindi cha pili nikamzungusha beki wake wa kulia, yule aliyekuwa akimwacha peke yake kila mechi kwa sababu ya kiburi, nikaweka la pili. Mawili kwa moja. Wasichana walipiga vigelegele kama wako harusini. Dakika zilikuwa zinakwenda ukingoni, mpira uko kwangu, na feni ikasimama. Skrini ikawa nyeusi. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima.

Hakuna aliyenyanyuka. Tulikaa gizani, dirisha limezibwa na watoto, tunatoka jasho mpaka umeme uliporudi na mashine ikawaka. Mtoto wa mwenye mashine akabonyeza ile alama ya gemu. Haikufunguka. Diski ya herufi R haikuwepo, na kompyuta ikasema haikioni kinachotafutwa. Pale ndipo akasimama. "Kaiua gemu," akasema. "Nilisema mie. Msichana na kompyuta wapi na wapi." Nikajaribu kueleza, na kelele zikanimeza. Mtoto mmoja alishatoka mbio, na kabla sijapata nafasi ya kusikilizwa habari ilikuwa imefika kwa bibi yangu kwamba nimeharibu mali ya watu siku ya Idi.

Bibi alikuja na kanga yake ya jikoni, mikono bado ina mafuta ya pilau. Watoto wakampisha. Alinikuta kitini, nimeng'ang'ania pedi ya kuchezea gemu.

"We mtoto, umeiua mashine ya watu?"

"Sijaiua, bibi. Iliyopotea ni nakala. Yenyewe ipo."

Bibi hakujua nakala ya gemu ni nini, wala RAM, wala diski. Alinitazama tu usoni, kama alivyonitazama kila aliponiuliza nani kalamba sukari. "Una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi usiinuke hapo mpaka waione." Akavuta kiroba cha saruji mlangoni, akakaa juu yake.

Mama Duka akaniambia, "Endelea, mama, sisi hatuna haraka." Nikatengeneza diski upya mbele ya macho yao. Nikaanza kunakili. Ule mstari wa kijani ulisogea taratibu, na kila uliposimama wavulana walisema imekufa, imekufa. Niliogopa, kweli niliogopa. Kama fundi alinidanganya, mimi na bibi yangu tungetoka mle tukiwa kichekesho cha Kibiti nzima. Mstari ukafika mwisho. Nikabonyeza. Timu, uwanja, wachezaji, filimbi.

Nikasema, "Haya, turudie fainali."

Kiti cha pili kilikuwa kitupu. Mtoto wa mwenye mashine alikuwa ameondoka wakati mstari wa kijani uko katikati. "Kaitwa kwao," mmoja akasema. Mama Duka akasema tumngoje. Tulimngoja, bibi mlangoni, mimi kitini, hadi adhana ya magharibi. Hakurudi. Kesho yake wavulana wakaeneza kwamba fainali haikuisha, kwa hiyo bingwa ni yule yule wa mwaka uliopita, na walipokuja kuchukua kreti la soda la ushindi Mama Duka akakataa kulitoa. Ila neno lao ndilo lililoenea mjini. Siku hiyohiyo sisi wasichana tulifika dukani mchana, tukakaa vitini kabla yao. Hatukumwomba mtu ruhusa. Nao hawakutuinua.

Mama Duka alikwenda kwa watoto wake Dar na hakurudi tena. Kompyuta iliuzwa chakavu. Bibi tulimzika kiangazi kimoja, mpunga ukiwa ghalani. Watu wa rika langu wakikutana husema watoto wa siku hizi hawana uvumilivu, sisi tulijua kungoja. Mimi siungani nao. Tuliongojeshwa tulikuwa ni sisi wasichana tu, na walioitwa wavumilivu ni wale ambao hawakupewa kiti. Yule mtoto wa dada yangu na asonye. Ningepewa simu yake nami ningesonya.

Ninaowalilia ni watu. Namlilia bibi aliyekaa juu ya saruji kwa ajili ya kitu asichokijua, kwa kuwa mimi nilimwambia nina hakika. Hakuna aliyenipa imani ya namna ile tena, si shuleni, si kazini, si ndoani.

Kabla ya kuondoka Kibiti nilipita mashineni kununua mchele wa kupeleka nyumbani. Yule mtoto wa mwenye mashine ndiye mwenye mashine sasa, mvi zimeanza, pumba zimemtapakaa mpaka kwenye kope. Alinijua. Mbele ya wateja akacheka, akasema kwa sauti, "Huyu dada tulicheza naye fainali, bahati mbaya haikuisha." Watu wakacheka naye. Nikamwambia, "Niliingoja mpaka magharibi. Wewe ulikuwa wapi?"

Akageuka kuiwasha mashine. Haikuwa na mpunga ndani.