Siku Mbunge Alipokunywa Maji Yetu

Juzi mbunge alikuja kijijini kwetu Midia kutazama kisima cha pampu kilichoharibika, na wajukuu wangu wakalikimbilia gari lake wakicheka. Mimi nilibaki nyuma, mlangoni.

Utotoni mwangu, gari la serikali likija nyumbani kwa mtu, alichukuliwa na hakurudi. Jumapili moja baba alisimama baada ya ibada akasema waziwazi kwamba maji tunayochota yanaua watoto. Siku chache baadaye tulisikia gari. Mama alinyanyua kifuniko cha nyasi cha ghala, akanitumbukiza kwenye mtama.

"Wamekuja kwa sababu ya baba yako. Nyamaza."

Ndani mlikuwa na joto, na vumbi la mtama lilinijaa puani. Nilimwomba Mungu nisipige chafya.

"Nani nasema maji ya hapa iko mbaya?" sauti nzito iliuliza.

"Ni mimi, mheshimiwa," baba akajibu.

"Basi leta, nikunywe."

Nilisikia kata ikigonga mtungi, kisha mgeni akikohoa.

"Kweli, hii iko matope. Panda gari, twende unionyeshe pahali mnachota."

Mlango wa gari ulifungwa kwa kishindo. Nililia nikiuma ngumi, kwani sikujua kwamba yupo mkubwa anayeweza kuja kwa ajili ya maji tu.

Kwa rehema za Mungu, jioni yule mgeni, mbunge wetu wa wakati ule, alimrudisha baba, tope hadi magotini. Mama alimkalisha, akamwosha miguu, na akaendelea kuiosha hata ilipokwisha kutakata.