Nilivyomvua lipiko mbele ya watu Newala

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenipata mwenyewe, asiyeamini aamini nusu.

Shule niliishia form two. 3D, michoro ya kompyuta inayojongea, nimejifunza kwa video za mtandaoni.

Asubuhi moja niliamka nyumbani Lisekese, Masasi, nikabeba laptop, nikapanda pikipiki ya kwanza iliyosimama. Ilikuwa inaenda Newala. Basi, nikaenda Newala.

Kwa wasiojua: kwenye 3D unaanza kuunda umbo, kama kufinyanga, ila ndani ni tupu. Halafu unalitia mifupa ili lijongee. Mwisho unaweka pozi la kwanza na la pili, kompyuta inajaza mwendo wa katikati. Hiyo ndiyo animation.

Mimi nilikuwa namuunda lipiko, kinyago anayecheza ngoma za jando. Nilianza na mwili wa mtu, juu yake nikaweka sura na nguo.

Newala nikaomba kuchaji kwenye mgahawa wa Mama Salima. Watu wakajazana.

"Hee, anacheza kweli huyu!" Mama Salima akawaita binti zake.

Nikanogewa. Nikataka kuwaonesha mifupa inavyofanya kazi. Nikabofya, sura na nguo zikapotea.

Akabaki mwanamume, uchi, anarukaruka.

Mama Salima akawasukuma binti zake jikoni.

Wakuu, kwa desturi ya huku lipiko si mtu, ni mzimu. Kumwonesha vinginevyo mbele ya wanawake na watoto ni kuwatukana wazee wote. Na mimi nalijua hilo tangu utotoni!

Mumewe, Baba Salima, ni seremala. Akaingia na nyundo.

"We, umeingia jando?"

"Shikamoo baba. Nimeingia."

"Walikufundisha nini huko, kula ugali?"

Akainua nyundo.

"Sogea nikivunje hicho."

Laptop ndiyo shamba langu, sina lingine.

"Baba, nakuomba, kidogo tu."

Nikaufuta ule mwili. Mifupa nikaiacha, yenyewe kwenye video haionekani. Nikarudisha sura na nguo, nikabofya play.

Akacheza. Nikamzungusha, nikaonesha mgongoni, nikaonesha chini ya nguo. Hamna mtu.

Baba Salima akainama mpaka pua ikakaribia kioo. Akaangalia weee.

"Huyo ndiye," akasema. Akaweka nyundo mezani. "Mama Salima! Mgeni atalala chumba cha uani. Na waite wanao, waje waone."

Nilichojifunza: kabla hujaonesha kitu kilivyoundwa, tazama kwanza nani amekaa mbele yako.

Naandika nikiwa chumba cha uani. Wenyeji wa Newala na Masasi, semeni, hata mkinichamba napokea.