Banda la Ng'ombe Penye Mtandao

Nyumba yangu hapa Chonyonyo iko bondeni, na mtandao wa kutosha kucheza video unapatikana sehemu moja tu: kona ya juu ya shamba, mwisho wa kahawa. Pale pale ndipo nilipojenga banda la ng'ombe. Jirani aliponiona nikichimba mashimo ya nguzo, alicheka mpaka akashika kiuno.

"Waitu! Huyo ng'ombe atampigia simu nani?"

Nikamjibu kwamba kule kuna hewa nzuri. Ningemwambiaje kuwa kwenye kona ile ndiko nilikokuwa nikijificha kila mke wangu akienda zamu hospitali, Nyakahanga, nikitazama video za ngono mpaka simu izime chaji? Mke wangu alikwisha kuzikuta. Hakupiga kelele. Alisema, "Ahadi zako nimezichoka. Nikizikuta tena narudi kwetu Mabira, na usinifuate." Na yeye hatanii. Nilikuwa nimeshafuta, nikaapa, nikarudia, hadi nikajichukia.

Basi nikaleta ng'ombe. Jamani, ng'ombe ni mlinzi! Ukisimama mbele yake na simu anataka majani, anakupumulia shingoni, nzi wanakuandama, kinyesi kinakung'ang'ania miguuni. Wiki za mwanzo nilitembea kifua mbele kama bwana harusi.

Halafu ikaja alasiri moja ya mvua. Kazi ya shamba imesimama, watoto wako shuleni, mama yao yuko zamu. Hamu ikanishika vibaya. Nikapanda na simu hadi kwenye kona, nikajibanza chini ya bati la banda, kidole tayari kiko juu ya kioo. Ng'ombe akalia njaa. Nikamtukana. Akalia tena. Nikaisukumia simu mfukoni, nikashika panga, nikaanza kumkatia mgomba kwa hasira, vipande vikiruka huku na huku. Ulipokwisha nikaangusha mwingine. Sijui ni mgomba wa ngapi nilipogundua kwamba nawaza bei ya kahawa. Hamu haipo! Imeondoka yenyewe, na sikuipa kitu! Miaka yote hiyo niliamini haiondoki mpaka uishibishe.

Nilipiga yowe. Nikampigia mke wangu hapo hapo, maana mtandao si upo?

"Imepita!" nikasema. "Mama watoto, imenishika, imepita, na sijatazama!"

Nikasikia tu vyombo vya wodini vikigongana, na hapo ndipo akili iliponirudia. Mtu niliyemwahidi kwamba nimeacha, nimempigia mwenyewe kumwambia kwamba hamu bado inanishika. Niliogopa kweli kweli. Nilimwona kabisa juu ya bodaboda na mabegi yake, anaelekea Mabira.

"Baba watoto," akasema mwishowe, kwa sauti laini ambayo sikuwa nimeisikia siku nyingi, "umefanyaje mpaka ikapita?"

"Nimekata migomba. Mingi mno. Ng'ombe atakula mpaka keshokutwa."

Akacheka! Alicheka mpaka mtu wa pembeni yake akamuuliza kuna nini, akamjibu kwamba ni mambo ya ng'ombe. Nilicheka naye, nimeloa chapachapa, nikitamani kumkumbatia mtu yeyote aliyekuwa karibu.

Kisha akashusha sauti. "Siku nyingine usingoje ipite. Nipigie ikiwa bado imekushika."