Kalenda ya Ukutani na Maji ya Mida

Juzi nilimsindikiza mama, yaya wa nyumba moja ya Al-Hamra, Jeddah, kwenye ofisi ya safari. Madam wake, tuliyekuwa naye, anawapeleka watoto Kenya. Karani akatandaza ramani ya hori ya Mida, pwani ya Kenya, kwetu kabisa: magofu ya Gede, msitu, kisha njia ya miguu ndani ya mikoko.

"Mtatembea hapa saa kumi jioni, jua limepoa," akasema, akigusa tarehe kumi na tano kwenye kalenda ya Kiislamu ukutani.

Mama akatikisa kichwa. "Kumi na tano ni mwezi mpevu, madam. Ni bamvua, bahari hujaa kupita kiasi. Saa hiyo maji yatawafika watoto kifuani."

Karani akacheka. "Yaya, umesomea ramani wewe?"

"Sikusoma, bosi. Nimeokota chaza pale."

Madam akainua mkono kumzuia karani, akamgeukia mama. "Basi twende saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi, maji yametoka."

Karani akamsukumia mama kalamu, naye akachora njia upya. Mimi niliyeishia darasa la saba nilikaa wima kitini. Ramani ile ina rangi nzuri, lakini haijawahi kulowa magoti.