Mfereji wa Bafu la Milimani

Mjomba wangu alikuwa mpishi wa Wazungu pale Milimani, nami nilifagia nyumba hiyo hiyo na kusugua bafu. Mfereji wa bafu ulivuja kutwa, na chini yake kulikuwa na doa la kutu ambalo memsahib aliamini ni uvivu wangu. Nilisugua kwa majivu hadi vidole vikachubuka. Asubuhi doa linaningoja.

Siku moja mjomba akaniita jikoni. "Ndugu wa memsahib ana karakana ya mabomba huko mjini, anatafuta mtu wa kazi za mikono. Tengeneza ule mfereji, mimi nitakusemea. Wewe Kizungu hujui."

Haki nilifurahi. Nilishamtazama fundi wa Kihindi akitengeneza mfereji wa jikoni, na kila alichofanya nilikishika. Kwanza alizunguka nyuma ya nyumba, chini ya tangi, akafunga maji kwenye koki iliyofichwa na majani. Ndipo akachukua spana.

Nami nikafanya vivyo hivyo. Ndani ya mfereji nilikuta kile kipande cha ngozi cha duara kinachozuia maji kimeoza. Ngozi nyingine ningeitoa wapi? Nilikuwa na mshipi wa marehemu baba, kitu pekee alichoniachia. Nikaukata ncha, mjomba akiniangalia. "Baba yako angefurahi," akasema. Nikarudisha kila kitu, nikafungua maji, nikakaa ukingoni mwa bafu kusikiliza. Kimya! Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Jioni nilimsikia mjomba verandani akiongea Kizungu na memsahib. Memsahib akapiga makofi. Nikajua nimesemewa.

Kumbe wapi! Kesho yake memsahib alisimama mlangoni mwa bafu, akaniambia kwa Kiswahili chake cha jikoni, "Wewe ona mtoto ya mpishi. Yeye tengeneza hii, sasa yeye nakwenda kazi kwa ndugu yangu. Wewe jifunza kwa yeye."

Mtoto wa mpishi! Binamu yangu, aliyekuwa amekuja kutoka Subukia kututembelea na wiki nzima alilala tu chumbani kwetu. Memsahib akaenda zake.

Nilimkuta mjomba akimenya viazi. "Mjomba, umenifanyia nini?"

Hata macho hakuinua. "Wewe una kazi. Yeye hana." Halafu, bila haya, "Na umwonyeshe kufungua mfereji kabla ya Jumatatu, hajawahi kushika spana. Mpe na kipande cha ule mshipi ajifunzie."

Ala! Ndugu wa mama yangu, tumbo moja, ananinyang'anya kazi na bado anautaka mshipi wa baba. Nilitamani kumrushia sufuria. Lakini ni yeye aliyeniingiza kwenye nyumba ile, na kwa neno lake moja ningefukuzwa.

Mshipi sikutoa. Somo nilitoa, Jumapili mchana, binamu yangu amechuchumaa kando yangu bila kunitazama usoni. Nilimwonyesha kushika spana, kufungua mfereji, kukata ngozi ya kiatu kikuukuu. Alinishukuru sana. Maji nilikuwa nimeyafunga mwenyewe kabla hajaamka usingizi wake wa mchana, na kule nyuma kwenye koki, chini ya tangi, sikumpeleka wala sikumwambia. Hiyo nilimwachia baba yake amfundishe.