Jina la nani hapo chini?

Jamani, leo nimepata kazi. Msinipongeze kwanza.

Miaka saba nimekuwa nachapisha barua zangu za kuomba ualimu kwenye steshenari ya mama mmoja hapa Katandala. Leo asubuhi kaniambia, "Mwalimu, hizi barua unazijua kuliko mimi. Kaa hapo, uwaandikie wenzako."

Nikakaa. Ningeenda wapi?

Mteja wa kwanza, binti katoka Chala, kamaliza chuo juzi tu. Anaomba ualimu. Nikamwandikia bila hata kufikiri, mpaka kwenye "Wako katika ujenzi wa taifa".

Akasoma, akanitazama.

"Samahani kaka, hili jina hapo chini ni la nani?"

Langu.

Nyie mngemjibuje?

Nikalifuta, nikaandika lake. Barua haikupungukiwa kitu.